Mabonge ya Wided

Namba iliyomkera Mounira ilikuwa kumi na nne. Aliiona mara ya kwanza mwezi wa kwanza, kwenye ubao mweupe wa maabara yao pale Sfax, kwa mwandiko wa Wided ulioinamia kushoto, na chini yake Profesa Taoufik alikuwa amepiga mistari miwili. Namba yake yeye, mia mbili na kumi na moja, ilikuwa kwenye kona ya ubao huohuo kwa miaka mingi. Wino wake ulikuwa umepauka, na hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Namba zote mbili zilihesabu kitu kimoja. Kuna protini inayoota juu ya seli kama vidole, na kila seli hushika vidole vya jirani yake. Seli ya saratani ikipoteza vidole hivyo huachana na wenzake, hutoboa njia, hutoka kwenye titi ikaenda kukaa kwenye ini au kwenye mfupa. Miaka minane nyuma Mounira alikuwa amechukua seli za saratani ya titi zisizo na protini hiyo akazirudishia jeni yake, kazi iliyomla miezi kumi na minne. Kisha akauliza swali rahisi: zikishapata vidole, zitaacha kutembea? Akazibandua kutoka kwenye chupa zilikoota, akaziweka juu ya chujio lililopakwa utando mwembamba wa jeli, akangoja muda wa saa nane, akahesabu zilizopenya hadi upande wa chini. Zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Zile zisizorudishiwa jeni zilikuwa mia mbili na ishirini. Tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote. Alirudia mara tisa, akachapisha makala: katika seli hizi, protini ya kushikana haizuii saratani kupenya.

Halafu akaja Wided, mwenyeji wa Gabès, miaka thelathini na miwili, minne kati ya hiyo ameimalizia Ufaransa. Akazitumia seli zilezile, machujio yaleyale, jeli ileile, akapata kumi na nne.

"Seli ni zangu," Mounira alijisemea kila alipopanda ngazi asubuhi. "Mimi ndiye niliyezitengeneza." Hakuna aliyembishia, na hilo lilimuudhi zaidi.

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba hazikuwa namba za ubaoni tu. Idara ilikuwa imepewa nafasi moja ya mhadhiri wa kudumu. Mounira, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa ameingoja nafasi hiyo mwaka wa nane, akifanya kazi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Profesa angepeleka jina Jumanne baada ya Idi. Alikuwa amesema waziwazi, mbele ya wote wawili, kwamba majibu mawili yanayopingana hayawezi kuwa kweli yote, na kwamba yeye atampeleka yule ambaye kazi yake inasimama.

Siku ya mwisho ya mfungo, saa saba mchana, kila mtu alikuwa na midomo mikavu na akili tayari iko njiani kwenda kwao. Wided alikuwa kwenye meza ya kazi, anabandua seli. Mounira alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Dakika ya ngapi hiyo?" aliuliza.

"Ya kumi na moja, dada."

"Mimi saa hizi ningekuwa nimemaliza, nimeosha vyombo, nimesali."

"Najua, dada Mounira. Mkono wako hauna mpinzani."

"Na ukiangalia kwenye hadubini unaona nini? Mabonge. Mama yangu angekuona unasukuma kuskusi hivi angekutoa jikoni kwa kijiti."

Wanafunzi wawili waliokuwa wanafunga mikoba walicheka. Wided naye alicheka kidogo, masikio yakawa mekundu. Pale kila mtu alijua maana ya maneno yale. Kuskusi, unga wa ngano uliosukumwa kuwa punje, ya mwanamke anayejua kazi huachana, kila punje kivyake, na Mounira alijulikana idara nzima kwa seli zinazobanduka kwa dakika tatu na kutawanyika majini bila hata mbili kushikana. Njia yake ilikuwa imechapwa kwenye karatasi, ikafunikwa kwa plastiki, ikabandikwa ukutani juu ya meza: Njia ya Mounira. Suuza mara mbili kwa maji ya kunyang'anya kalsiamu. Mwaga kimeng'enya. Dakika tatu. Gonga chupa. Wanafunzi wa miaka minane walikuwa wamejifunza kwa karatasi hiyo. Wided peke yake ndiye hakuitumia.

Profesa Taoufik aliingia, koti mkononi. "Nani ana zamu ya Idi?"

Swali hilo lilikuwa la desturi tu. Seli hazifungi wala hazisherehekei. Kila siku ya pili maji yao ya chakula hubadilika kutoka wekundu kwenda manjano, na asipokuwepo mtu wa kuyamwaga na kuweka mapya, zinakufa. Zamu ya Idi ilimwangukia mwenyeji wa Sfax siku zote, na mwenyeji wa Sfax alikuwa Mounira.

"Basi niangalizie watoto wangu, dada," Wided alisema. "Chupa nne, rafu ya juu. Nitakuletea tende za kwetu."

"Watoto wangu mimi," Mounira alimjibu. "Wewe ni yaya tu."

Safari hii hata profesa alicheka, lakini alimwekea Wided mkono begani alipopita. Begani pa Mounira hakuwahi kuweka mkono miaka yote minane.

Asubuhi ya Idi, siku ya Ijumaa, nyumba ya mama yake ilinuka samaki wa chumvi. Mama, Bi Essia, alikuwa ameanza sharmula tangu juzi, vitunguu na zabibu kavu juu ya moto mdogo, mpaka mchuzi ukawa mweusi na mzito kama asali. Walikula kwa mkate, wawili tu.

"Yule binti wa Gabès vipi?" mama aliuliza.

"Nani kakutajia yule?"

"Wewe. Tangu mwezi wa kwanza hujataja mtu mwingine. Hata kaka yako alipopata mtoto ulisema hongera, halafu ukarudi kwa Wided."

"Anadanganya, mama."

"Umemshika?"

"Bado."

"Basi usiseme kabla hujamshika. Ongeza sharmula, umekonda."

Saa tatu kasoro aliondoka, na chombo cha sharmula kwenye mkoba kwa sababu mama hakukubali aende mikono mitupu. Jengo la maabara lilikuwa kimya. Alifungua kabati la joto, akaziona chupa nne za Wided kwenye rafu ya juu, lebo zimeandikwa kwa mwandiko ule wa kuinamia kushoto.

Ingekuwa rahisi sana. Mlango wa kabati ukiachwa wazi kidogo tu, hewa ingepoa, na Jumatatu pasingekuwa na seli. Wazo lilimjia, akalipima kama anavyopima kila kitu, akaliacha. Huruma haikuhusika. Chupa zilizokufa hazithibitishi lolote. Wided angeanza upya, angepata kumi na nne nyingine, na dunia nzima ingemwonea huruma juu ya hayo.

Alitaka ushahidi. Alikuwa na dhana mbili. Ama Wided alikuwa anatumia seli nyingine zisizotembea na kuziita seli za Mounira, ama anahesabu sehemu za chujio zilizo tupu na kuruka zilizojaa. Zote mbili zingeweza kupimwa. Alichukua chupa moja kati ya zile nne. Akaibandua kwa njia yake: suuza mara mbili, kimeng'enya, dakika tatu, gonga. Seli zikateremka kama mchanga, kila moja kivyake. Akaziweka juu ya machujio sita, akasoma majarida ya kisayansi, akala mkate na sharmula kwenye korido. Saa kumi na mbili jioni alizitia rangi, akakaa kwenye hadubini na kihesabio kidoleni.

Mia moja tisini na nane.

Alihesabu tena. Mia moja tisini na saba, kisha mia moja tisini na nane. Chupa ya Wided, mkono wa Mounira, na seli zilikuwa zimepenya zote kama kawaida yao. Basi hazikuwa seli nyingine. Kilichobaki ni hesabu ya uongo.

Alijisikia vizuri namna ambayo hakuwa amejisikia tangu mwaka uanze. Alirudi nyumbani akaimba jikoni, mama yake akamtazama kwa wasiwasi. Aliandika barua kwa profesa, aya tatu, bila neno moja la hasira. Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alisimama kwenye aya ya pili, kwa sababu alimsikia profesa akiuliza, kwa sauti yake ya kuvuta maneno: "Na hatua zake mwenyewe, ulizifuata?"

Hakuzifuata. Barua ilikuwa na tundu, na Mounira hakuwa mtu wa kupeleka shutuma yenye tundu. Kumzamisha mtu kulihitaji kazi safi.

Kwa hiyo Jumamosi alichukua daftari la Wided rafuni. Madaftari hayakuondoka maabara, na yeyote aliruhusiwa kuyasoma. Hiyo ilikuwa sheria ya profesa. Akasoma hatua moja moja, akitafuta ulipo ujanja. Machujio, sawa. Jeli, sawa. Muda, sawa. Hesabu: sehemu kumi kwa kila chujio, nafasi zimepangwa kwa jedwali la namba za bahati nasibu, si kwa kuchagua. Hapo alikunja uso. Yeye mwenyewe alihesabu sehemu sita. Kubandua: "Maji ya kijani, dakika kumi na mbili, bila kugonga."

Maji ya kijani hakuyajua. Alifungua jokofu, akasogeza masanduku, na nyuma kabisa, kwenye rafu iliyoandikwa jina lake yeye, akaona chupa ndogo yenye utepe wa kijani. Juu ya utepe pameandikwa: *Kimeng'enya pamoja na kalsiamu. Dada Mounira, jaribu hii badala ya ile ya ukutani. Usinikasirikie. W.* Tarehe ilikuwa ya mwezi wa pili.

Aliikumbuka. Siku ile alisoma maneno mawili ya kwanza tu, akaona utepe wa rangi na mwandiko ule, akasema moyoni, huyu sasa ananifundisha kubandua seli. Akaisukuma nyuma ya masanduku. Miezi miwili ilikuwa imepita.

Alisimama mbele ya jokofu lililo wazi mpaka likaanza kulia. Kalsiamu. Kila mwaka, katika mhadhara wa pili, aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba vidole vya protini hii husimama kwa kalsiamu; ikiondolewa hulegea, na kimeng'enya hukikata kilicholegea. Alikuwa na picha nzuri ya kulionyesha hilo. Na kila wiki, kwa miaka minane, alizisuuza seli zake mara mbili kwa maji ya kunyang'anya kalsiamu, akamwaga kimeng'enya, akazisifu kwa jinsi zilivyoachana. Seli huhitaji karibu siku nzima kuotesha vidole vipya. Yeye alizipa saa nane, akazihesabu zikiwa bado hazina vidole.

Lakini kujua si kupima. Bado palikuwa na nafasi Wided akawa mwongo. Mounira aliishikilia nafasi hiyo kwa nguvu zake zote.

Jumapili aliingia saa mbili asubuhi. Alibandua chupa ya pili kwa maji ya kijani, dakika kumi na mbili, mikono ikimwasha kwa kutogonga. Seli zilitoka vipande vipande, mabonge ya kumi, ya ishirini. Akaziweka juu ya machujio sita. Kwenye machujio mengine sita akaweka mabonge hayohayo lakini akayatia kingamwili inayofunika vidole na kuvizuia visishike. Maana mtu anaweza kusema bonge limeshindwa kupenya kwa sababu nyingine yoyote ile, na yeye alitaka kujua kama kinachozuia ni vidole. Akabandika utepe juu ya lebo zote, akachanganya machujio kama karata, ili asijue lipi ni lipi. Alihesabu sehemu kumi kwa kila moja, kwa jedwali la Wided.

Alipobandua utepe giza lilikuwa limeshaingia. Maji ya kijani: kumi na saba. Maji ya kijani, vidole vimefunikwa: mia moja themanini na tisa.

Wided hakuwa mwongo. Seli alizozitengeneza Mounira miaka minane iliyopita zilikuwa zikifanya hasa alichotumaini zifanye alipozitengeneza: zinashikana, na zikishikana haziendi popote. Lilikuwa jibu alilolitaka ujana wake wote, na kalipata mwingine, kwa seli zake.

Alikaa kwenye kiti cha hadubini akafikiri kwa mpangilio. Barua ya aya tatu ilikuwa bado kwenye kompyuta. Namba mia moja tisini na nane ilikuwa ya kweli, hakuna aliyeipika. Profesa angeipokea kesho kutwa, angeahirisha jina la Wided, na katika kuahirisha huko nafasi ingemwendea mwenye miaka minane. Kumi na saba hakuna aliyeijua isipokuwa yeye. Machujio yangeingia kwenye ndoo ya taka pamoja na glovu.

Aliitazama ndoo. Kisha akachukua daftari lake na kuandika namba zote tatu kwa mpangilio wa siku, kwa wino, kwa sababu namba ikishahesabiwa imehesabiwa. Hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyeng'olewa jino.

Jumanne profesa alivaa miwani na kusoma ukurasa ule kwa muda mrefu.

"Mia moja tisini na nane?"

"Njia yangu."

"Kumi na saba?"

"Njia yake. Aliyehesabu ni mimi, lebo zimefunikwa."

"Kwa hiyo unaniambia nini, Mounira?"

"Kwamba karatasi ya ukutani inakata protini tunayoipima. Makala yangu ina kosa. Na tasnifu tatu za wanafunzi waliofuata karatasi yangu zina kosa hilohilo."

Profesa alivua miwani. "Mwanangu, jina napeleka leo saa sita. Haya ungeweza kuniambia kesho."

"Ningeweza."

Profesa alivuta fomu iliyokuwa chini ya kitabu, na kabla hajaigeuza Mounira aliona jina lililokuwa limeshaandikwa kwa penseli. Lilikuwa lake. Profesa alilifuta polepole, akapuliza unga wa kifutio.

Wided alimkuta Mounira kwenye meza ya kazi, anabandua karatasi ya ukutani kwa kisu kidogo. Plastiki ilikuwa imegandana na rangi ya ukuta.

"Dada, profesa ameniambia."

"Vizuri."

"Sijui niseme nini."

"Usiseme. Kwa nini hukuniambia kwa mdomo? Unaniandikia kwenye chupa kama mpenzi wa shule?"

"Nilikuambia kwa mdomo! Mara mbili. Mara ya kwanza ulisema wapishi wa Ulaya ndivyo wanavyopika, hawajui kuachanisha. Mara ya pili ulisema nikamfundishe bibi yangu."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele za watu."

Mounira alikwangua kona nyingine. Alikumbuka ya bibi.

"Ungesema mara ya tatu," alisema.

Wided akaanza kulia. Hata kulia alilia vizuri, bila pua kuvimba, machozi mawili yakashuka sawasawa, na Mounira akaona kwamba hilo nalo hatamsamehe. Binti aliweka boksi la tende mezani.

"Za kwetu," alisema. "Niliahidi."

"Tende za Gabès zina maji mengi."

"Basi nizirudishe?"

"Ziache hapo."

Jina la Wided lilitoka mwezi wa tano. Mounira alisaini mkataba wa mwaka wa tisa, akaandika barua kwa jarida kusahihisha makala yake, ukurasa mmoja na nusu, sentensi zilizonyooka, na jina lake peke yake chini. Wanafunzi waliokuwa wakimcheka Wided kwa mabonge sasa walijitahidi kupata mabonge, na Mounira aliwasikia wakiulizana, "Lako kubwa kiasi gani?" Ukutani palibaki mraba mweupe ambao hakuna aliyeupaka rangi.

Mwezi wa sita hospitali ya jirani iliwapa seli za wagonjwa wapya, na Wided akazirudishia jeni. Alikuja mezani kwa Mounira na boksi la machujio.

"Dada Mounira, unihesabie. Hakuna anayehesabu kama wewe, na mimi nikihesabu mwenyewe watasema najipendelea."

"Na mimi nikihesabu?"

Wided alimtazama usoni, sawasawa. "Wewe hawawezi kusema unanipendelea."

Hiyo ilikuwa kweli, kwa hiyo Mounira alivuta kiti. Aliweka chujio la kwanza chini ya lenzi, akazungusha mpaka picha ikatulia. Alitaka ziwe mia mbili. Alizitaka zimejaa chini ya chujio, zimesambaa kila upande, alizitaka kwa hamu iliyomkaza taya, na alijua kabisa anachokitaka na kwa nini. Alipita sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi, kidole juu ya kihesabio. Kisha akakirudisha sifuri, akaanza tena kutoka upande mwingine.

Wided alikuwa anangoja, kalamu mkononi.

"Kumi na mbili," Mounira alisema. "Andika."